Kipandauso Msimu wa Mdanzi

Maua yalikuwa yamemwagwa juu ya shuka nyeupe sebuleni, mabichi bado, na Munjia alikuwa amelala chumba cha pili, mapazia yameshushwa, kichwa kimekazwa kitambaa chenye vipande vya limau ndani yake. Chini ya mlango alisokomeza taulo. Harufu ilipita tu. Mwezi wa nne hakuna nyumba mjini Nabeul isiyonukia maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, na taulo lina nguvu gani mbele ya harufu ile.

Zamani harufu hiyo ndiyo iliyomwamsha afanye kazi huku akiimba. Sasa ilimwingia puani kama msumari, ikapanda mpaka jicho la kushoto, ikakaa huko ikigonga.

"Mama," Ulfa aliita polepole nje ya mlango. "Shangazi anauliza, maua apike yeye?"

"Mwambie asiguse. Kesho nitaamka."

Alisema hivyo akijua maua hayamngoji mgonjwa. Yakilala sana yanageuka rangi ya chai, na maji yake ni ya kumwagia uani.

Ulfa ndiye kitinda mimba wake, na harusi ilikuwa kiangazi hicho. Katika familia zao, chupa ya maji ya maua inayoingia kwenye sanduku la bibi harusi hupikwa na mama kwa mkono wake, tangu kumwaga maua mpaka kutia kizibo. Munjia alipikiwa na mama yake. Binti zake wakubwa aliwapikia yeye. Anayepikiwa na mwanamke mwingine ni yatima. Hakuna aliyelisema kwa mdomo, lakini wote walilijua, na wifi yake Naziha, shangazi wa Ulfa aliyekaa ng'ambo ya ukuta, alilijua kuliko wote.

Mwili wa Munjia ulianza kumgeuka mwaka juzi, hedhi ilipoanza kuruka miezi. Joto lilimpanda kifuani mbele za wageni, shingo ikalowa, usingizi ukampotea. Tijani, mumewe, alisema wanawake wote hupita hapo, akageukia ukuta akakoroma. Mwishowe Munjia alikwenda kwa Daktari Wafa, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akapewa vidonge vya homoni. Joto likashuka. Akalala kama mtoto aliyeshiba. Ila kipandauso, ambacho ujanani kilimtembelea mara chache tu, kilirudi na mizigo yake yote kikakaa. Kabla hakijaanza aliona vimeta vikicheza pembeni mwa jicho, kama kioo kilichovunjika juani.

Daktari aliposikia habari za vimeta alivisimamisha vile vidonge. Alimwachia kimoja cha kumeza wakati wa kulala, cha kulinda mji wa mimba, na badala ya vingine akampa plasta.

"Vile vinapanda na kushuka mwilini, na kichwa chako hakipendi kupandishwa na kushushwa. Hii inatoa dawa kidogo kidogo, sawasawa. Bandika chini ya kiuno. Jumatano mpya, Jumamosi mpya."

Munjia alishika maneno hayo kama mtu anavyoshika sala. Jumatano mpya, Jumamosi mpya. Hakukosea hata siku moja.

Lakini Alhamisi ilikuwa siku ya hamamu, bafu la mvuke la wanawake wa mtaa.

Pale hamamu hakuna linalofichika. Mwaka uliopita mke wa mwokaji mikate aliingia na kiplasta kama hicho kiunoni, na wanawake wakamcheka mpaka kuta zikaitikia. "Kazibwa kama tairi la baiskeli!" "Mwacheni, anataka kuzaa tena huyo!" Mke wa mwokaji alicheka nao. Hakurudi tena.

Kwa hiyo kila Alhamisi, chumba cha kuvulia nguo, Munjia aligeukia pembeni akaibandua plasta yake taratibu, akaibandika ndani ya kifuniko cha kiboksi cha sabuni. Kisha akaingia kwenye mvuke pamoja na wenzake.

"Njoo, mama wa bibi harusi!" Bi Shadhlia, msuguaji, alimwita, glovu mkononi. "Mgongo huu uliuweka wapi wiki nzima? Unatoka uchafu kama umelima!"

"Sugua, acha maneno."

"Maneno bure, kusugua ndiyo kazi. Lala!"

Akisuguliwa na kumwagiwa maji alihisi ni mtu tena. Akitoka alijikausha, akaitoa plasta kwenye kiboksi, akairudisha pale pale. Haikushika vizuri, basi akaifunga msalaba kwa plasta za kidonda. Aliona amefanya jambo la akili: dawa haikulowa, na watu hawakuona.

Ijumaa kichwa kikaja. Wiki iliyofuata, Ijumaa, kikaja. Alipomweleza Bi Shadhlia, yule mama alimshika paji la uso.

"Baridi imekuingia mifupani, mwanangu. Unatoka haraka mno. Kaa ndani utoe jasho."

Akawa anakaa zaidi. Na kichwa kikawa kinazidi. Aliwaza baridi, akawaza harufu ya mdanzi, akawaza hata jicho la husuda la Naziha, kisha akaona haya kwa kuwaza hilo.

Basi Jumamosi ile, kesho yake baada ya taulo chini ya mlango, aliamka akiona mbele. Ulfa alikuwa ameshakwenda kazini, kiwanda cha nguo. Munjia alitoa mtambo wa shaba wa kukenekea maua, wa marehemu mama yake, akatia maua na maji, akawasha gesi.

"Wifi!" Naziha alipaza sauti juu ya ukuta. "Umefufuka?"

"Nimefufuka. Ulimi wako nao hauzeeki?"

"Hauzeeki, naulisha vizuri. Nije nikushikie?"

"Kaa kwako."

Alikuwa akizungushia maungio ya mtambo vitambaa vilivyolowekwa uji wa unga, ili mvuke usitoroke, ndipo kimeta cha kwanza kilipowaka pembeni mwa jicho. Akajifanya hakukiona. Akamaliza kitambaa kimoja kwa kupapasa. Kimeta kikapanuka, kikala nusu ya mtambo, kikala mkono wake mwenyewe. Tone la kwanza liliangukia kwenye chupa, akalisikia tu. Alitaka kupunguza moto. Badala yake alikimbilia bafuni akatapika, akabaki amelala sakafuni, shavu juu ya vigae, kwa kuwa vigae vilikuwa baridi na dunia ilikuwa inapiga nyundo.

Alisikia harufu ya kuungua, akashindwa kuinua kichwa. Hilo ndilo alilokumbuka baadaye kuliko maumivu: kwamba alijua, na hakuweza.

Naziha ndiye aliyeingia mbio akazima gesi. Kitambaa kilikuwa kimefunguka, mvuke umekwisha, maua yameganda chini. Alimimina maji kidogo kiganjani, akanusa.

"Moshi," alisema.

Hakucheka. Heri angecheka.

Ulfa aliporudi alikuta maua meusi kwenye ndoo. "Si kitu, mama," alisema, kwa ile sauti mtu anayomwambia mgeni aliyevunja glasi.

Alhamisi iliyofuata, akitoka hamamu, Munjia alikwenda kwa daktari akamwambia amechoka, amtolee kila kitu, bora joto. Daktari Wafa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba kuiona plasta. Munjia akapandisha nguo. Ilikuwa imekunjika kingo, imeshika nyuzi za taulo, imefungwa ule msalaba wake.

"Hii ilitoka ikarudi?"

"Naivua Alhamisi tu, daktari, kwa ajili ya hamamu. Lakini naihifadhi vizuri, kwenye kiboksi cha sabuni."

Daktari alivuta kiti karibu naye. "Mama Ulfa, ikishavuliwa haishiki tena. Unabaki kama huna dawa mpaka Jumamosi. Kila wiki mwili wako unaporomoka, na kichwa ndicho kinachopokea. Kosa ni langu, sikukuuliza."

"Miezi yote hii?"

"Miezi yote hii. Oga nayo. Ikibanduka, weka mpya siku hiyo hiyo. Msuguaji asiguse hapo, na usikae sana kwenye joto."

"Basi kitapona?"

"Huenda kikapungua. Siwezi kukuahidi. Tuangalie miezi miwili mitatu."

Miezi miwili mitatu. Munjia alitazama dirishani. Barabarani wauza maua walikuwa wameshakunja mashuka yao, msimu umekwisha.

Maua ya mwisho alikuwa ameshayapika Naziha. Alileta chupa imevishwa ukindu, akaiweka mwenyewe kwenye sanduku, kati ya mashuka, na Ulfa akamkumbatia. Walipotoka, Munjia alifungua kizibo. Alitafuta moshi, akatafuta uchachu. Hakuna. Yalikuwa maji mazuri, kama ambavyo angeyapika yeye. Akafunga.

Alhamisi nyingine aliingia hamamu na plasta yake mwilini. Sauti moja changa ikasema, "Na huyu naye kazibwa!" kicheko kikazunguka kuta. Bi Shadhlia alimsugua kwa kuizunguka plasta, bila mzaha hata mmoja tangu mabegani hadi miguuni, na ukimya huo ulimwuma Munjia kuliko kicheko. Akatoka mapema, nayo bado imeshika.

Ijumaa alikaa akingoja. Adhuhuri vimeta vikaja.

Ulfa aliteremsha mapazia, akakata limau, akalikaza kwenye kitambaa.

"Daktari alisema huchukua muda, mama. Mwakani utapika."

"Mwakani nitampikia nani?"

Ulfa alimfunga fundo nyuma ya kichwa, taratibu. Mikono yake ilinukia maji ya Naziha. Munjia akageuza uso ukutani.