Mpira Uliobaki Mbichi

Mimi ni fundi pancha hapa Same, na kwa mdomo sijambo. Mteja akiniuliza kama kiraka kitashika, namjibu kwamba gari lake litakufa kwanza. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka kijijini, juu ya Gonja, akaniambia ndiva inavuja, sikufikiri mara mbili. "Waambie wazee wasinunue kitu," nilimwambia. "Nakuja."

Ndiva ni bwawa letu la mlimani. Maji ya kijito hukusanywa humo, kisha kila kaya huyafungulia kwa zamu yake kumwagilia. Kiangazi kile kilikuwa kikali, ndiva ikawa inachukua siku mbili kujaa, na zamu ya kwanza baada ya matengenezo ilikuwa ya mama. Maharage yake yalikuwa yametoa maua. Bila maji yale hakukuwa na mavuno, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wazee kunisemea.

Kazi yenyewe niliiona ndogo. Mdomo wa bomba la kutolea maji hufunikwa kwa sahani ya chuma yenye mpira usoni, kisha inagandamizwa kwa kabari. Mpira wa zamani ulikuwa umepasuka. Nilipanda na mpira mbichi wa viraka, chuma changu cha kubania, na pistoni kuukuu ya lori ambayo huwa naitia mafuta ya taa na kuyawasha juu ya kiraka.

Mpira mbichi, niseme kwa wasioujua, ni nyuzi ndefu zilizolala pamoja bila kufungwa. Ukiuvuta unafuata, ukiukandamiza unahama polepole, na haurudi ulikotoka. Moto, pamoja na salfa iliyochanganywa humo, ndivyo vinavyofunga mafundo kati ya uzi na uzi. Mafundo yakitosha, ukiuvuta unarudi. Yakizidi, unakuwa mgumu na kukatika. Ufundi wote ni kujua pa kukomea. Hapa Same sihitaji saa: mafuta ya taa yakijizimikia, kiraka kimeiva. Miaka yote haijaniangusha.

Lakini Same ni joto, chuma kikikaa juani nusu saa hukishiki. Kule juu kulikuwa na ukungu, na upepo unaopenya koti, na mpira nilikuwa nimeupanga mnene mara tatu ya kiraka cha kawaida. Mafuta yakazimika. Nikabonyeza kwa ukucha, alama ikajifuta. Mzee anayesimamia zamu za ndiva akaniuliza, "Fundi, mbona chuma kimepoa upesi hivi? Huongezi moto?"

"Mzee wangu, kila mtu na kazi yake," nilimjibu huku nacheka. Naona aibu hata kuyaandika.

Juu uliiva, katikati ulibaki mbichi. Kwa siku mbili maji yalipanda yakiusukuma, nao ukahama kidogo kidogo chini ya sahani, bila kelele. Asubuhi ya zamu ya mama tulikuta tope tu. Maji yote yalikuwa yameishia korongoni. Niliuokota ule mpira, umetandazika upande mmoja. Nilipoubonyeza kwenye unene wake, kidole kiliacha shimo, na shimo likabaki.

Kwetu, anayepoteza maji ya ndiva huenda mwisho wa zamu, yeye na kaya yake. Wazee walikaa palepale ukingoni, wakauliza kosa ni la nani. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya kujikosha, nisingizie upepo au mpira wa dukani, mama akanitangulia.

"Ni langu. Kabla sijaenda shambani nilimharakisha kwa tamaa ya zamu yangu, ndiyo maana hakuongeza moto."

Haikuwa kweli. Asubuhi ile alinitakia kazi njema tu, akaenda shambani. Na mimi mwenye mdomo nilinyamaza. Kaya ingeadhibiwa vilevile, lakini jina la fundi lilikuwa limepona, na nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa kuliko mpira.

Nilirudia kazi siku ileile. Nilitia moto mara tatu, nikakinga upepo kwa bati, na mpira huo umeshika mpaka leo. Zamu ilipomfikia mama, maharage yalikuwa yamekauka na maua yake. Siku hizi nikipanda watu wananisifu, na mama wanamtania kwa uroho wake wa maji. Anacheka nao. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota ndevu.

Mwaka huu nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta mama jikoni anapepeta, nikamwambia, "Mama, naenda kwa mzee nikamweleze ukweli."

Hakuuweka ungo chini.

"Ungesema siku ile. Leo ukisema, mimi nitakuwa niliwadanganya wazee pale penye maji. Wakiniita mroho navumilia, mwanangu. Mwongo sitaweza."