Ndege Iliyombeba Mama

Pale kiwanjani walimwita Dada Dakika. Alikuwa mwongoza ndege wa kiwanja kidogo cha mkoani, chenye njia moja ya kurukia na chumba cha redio juu ya ngazi za chuma. Kwa miaka kumi na mitatu, akisema ndege itatua saa fulani, watu walianza kubeba mizigo yao. Na ndiye aliyemshawishi mama yake apande ndege.

Mgongo wa mama ulikuwa mbovu, na daktari wa kumtibu alikuwa huku kwa binti, mbali na kwao. Kwa basi ni siku mbili za mashimo matupu.

"Mwanangu, mimi si mwewe," mama alilalamika kwenye simu. "Niache nije chini kwa chini kama watu."

"Mama, ni kilomita mia saba na themanini tu. Kwa saa mbili na robo tu umefika."

Mama akakubali shingo upande.

Ndege iliondoka kule saa mbili na nusu asubuhi. Dada Dakika akaandika: kutua, saa tano kasorobo. Ilipofika saa nne, rubani aliita redioni, sauti imejaa mikwaruzo. Kuna wingu zito mbele, analizunguka kwa kusini. Halafu kimya.

Saa tano kasorobo ikafika, ikapita. Aliita, akaita tena. Redio ikamjibu kwa mvumo mtupu. Alipiga simu kule ilikotoka, hawajasikia kitu. Akawaarifu waokoaji. 

Mzee wa zimamoto wa pale kiwanjani akapanda ngazi akihema. "Labda wamechelewa tu, binti yangu."

"Baba, mafuta yao ni ya saa tatu na nusu."

Mzee akatazama saa ya ukutani. Ikifika saa sita, ndege ile, popote ilipo, haitakuwa angani.

"Shuka upumzike, mwingine akae hapa."

"Mwingine nani, baba? Mimi ndiye niliyemwambia apande."

Saa sita ikafika. Mzee akavua kofia. Dada Dakika aling'ang'ania ukingo wa meza, akiita jina la ndege ile redioni kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Saa sita na dakika ishirini simu ikalia. Alikuwa rubani. Radi iliua redio, akatua kwenye kiwanja cha shamba la miwa, kisha akakodi pikipiki kutafuta mtandao.

"Wote wazima?"

"Wazima."

"Kuna mama mmoja, ana mgongo…"

"Yule? Yuko kivulini anagombeza watu. Anasema aliyemdanganya atamtambua!"

Dada Dakika akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, na mzee wa zimamoto akageukia dirishani kumsitiri.

Mama alifika kesho yake kwa gari la shamba. Alitibiwa wiki tatu. Siku ya kurudi ilipokaribia, daktari akakataza basi katakata. Binti alishindwa hata kulitaja neno ndege. Mama ndiye aliyeanza.

"Rubani ni yule yule?"

"Ndiye."

"Basi napanda. Huyo ameshakutana na radi akaishinda. Mwingine simjui."

Dada Dakika aliomba ruhusa kazini akamsindikiza, wakapanda pamoja. Ndege ilipoinuka, mama alimshika mkono akaubana mapajani mwake, maana aliyekuwa akitetemeka ni binti.