Siku Tulipouzuia Moto Kamukuywa

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule pale sokoni Kamukuywa, na kwa miaka mingi moto niliouzoea ulikuwa ule wa pasi ya makaa. Kilichonifanya niwe mzimamoto wa kujitolea ni kibanda cha muuza viatu, mwenzetu, kilichoteketea sote tukiwa tumesimama kando na mikono kichwani. Gari la zimamoto lilitoka mbali, likakuta majivu.

Jirani yangu, fundi wa kuchomea vyuma, ndiye aliyekataa tuendelee hivyo. "Hatuwezi kuwa watu wa kusimama na kulia tu, bana," alituambia. Akaenda Kitale kuwaomba wazimamoto wamfundishe. Aliporudi akaanza kutukusanya Jumapili baada ya kanisa, kwenye uwanja wa shule. Tulikuja waendesha boda, akina mama wa mboga, mwalimu mmoja, na mwenye kinu cha kusaga mahindi. Lori hatukuwa nalo. Tulikuwa na ndoo, makoleo, shoka, mchanga, na zile pampu za mgongoni ambazo wakulima hupulizia mahindi dawa, zikaoshwa na kujazwa maji safi. Watu walipita wakitucheka. Fundi alitufunza jambo moja kuliko yote: ukisikia firimbi ndefu, acha ulichoshika, nenda mahali ulipopangiwa.

Firimbi ililia mchana wa siku ya soko, wakati wa kiangazi, nikiwa nimeweka kola chini ya sindano. Kwa seremala wa safu yetu ya vibanda, waya wa umeme ulikuwa umetoa cheche juu ya rundo la maranda. Nilipotoka nje, karakana yake ilishawaka hadi paa, na upepo wa mlimani ulikuwa unausukuma moto upande wetu. Kutoka kwa seremala ungefika saluni, kisha kibanda changu, kisha duka la mitungi ya gesi. Nyuma ya gesi kulikuwa na nyumba za kupanga, zimejaa watu.

Hakuna aliyeuliza afanye nini. Waendesha boda walianza kuihamisha mitungi hadi uwanjani. Akina mama walipanga foleni kutoka kisimani, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Mahali pangu mimi na mwalimu palikuwa nyumba za kupanga. Tuligonga kila mlango, tukawatoa watoto, hadi tukafika kwa kukhu, nyanya mmoja mwenye nyonga mbovu. Alikuwa ameketi kitandani akijifunga kitambaa cha kichwa.

"Kukhu, twende, moto!"

"Nimesikia. Lakini siwezi kutoka mbele ya watu kichwa wazi."

Nilimfunga mwenyewe. Tukambeba na kiti chake, naye akawa anatuombea kwa sauti njia nzima.

Tuliporudi, saluni ilikuwa imeshika moto. Pampu zilikuwa zinarusha maji, lakini maji yalikuwa yanageuka mvuke kabla ya kusaidia. Fundi aliushusha mpira wa pampu yake, akatazama kibanda changu, akanitazama mimi. Nilijua anachotaka kusema, na nilijua hataweza kukisema. Moto ukikosa cha kula, unasimama. Kibanda kile nilikijenga nikiwa mjane mpya. Ndicho kilichosomesha wanangu.

"Vunja changu," nikamwambia.

"Mama, una hakika?"

"Vunja, si unaona gesi iko hapo!"

Wakatoa cherehani na vitambaa. Shoka la kwanza nililipiga mimi, kwenye nguzo ya kona, na sijui nguvu ile ilitoka wapi. Wakafunga kamba kwenye paa. Ndipo watu wa soko, hata wale waliokuwa wakitucheka, wakaja kuishika. Mtu akapaza sauti, "Harambee!" Sote tukaitikia, "Hee!" tukavuta. Mara ya tatu mabati yakalala chini kwa kishindo. Tukaburuta mbao, tukamwaga mchanga, na pale pangu pakabaki uwanja mweupe.

Moto ulifika pale ukanyoosha ulimi, ukarudi, ukanyoosha tena. Watu wa pampu walisimama mstari mmoja, wakaupiga maji kwenye shina lake kama walivyofunzwa. Ukafifia. Nilimsikia mwenye kinu akisema polepole, kama anayeogopa kuuamsha, "Umekwisha. Jamani, umekwisha!"

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo sijawahi kuvisikia hata harusini. Hakuna aliyekufa, hakuna mtungi uliolipuka.

Gari la zimamoto lilipofika, kazi iliyobaki ilikuwa kuzima makaa. Mkubwa wao alizunguka, akasimama kwenye uwanja wangu.

"Nani aliamua kuvunja hapa?"

Wakanionyesha. Akavua kofia yake ngumu, akanipa mkono. "Mama, umeokoa soko," akasema. Nililia hapo hapo, na sikuona aibu.

Kabla ya wiki kwisha, seremala, ambaye naye alikuwa amepoteza kila kitu, alikuja na nyundo ya kuazima kusimamisha nguzo zangu kabla ya kugusa zake. Wanaume wa kanisa walileta mbao. Kukhu aliletewa kiti kivulini, akawa anawaelekeza mafundi kwa fimbo, wanacheka, wanatii.

Siku hizi tunaalikwa kule Ndalu, tunaalikwa hadi mtaa wa Tuwan kule Kitale, tuwafunze wengine. Juzi huko Ndalu walijitokeza akina mama wengi, wamekuja na pampu zao mgongoni. Niliwapanga foleni, nikaweka firimbi mdomoni, nikapuliza kwa pumzi yangu yote.