Meza ya Mninga ya Bibi Theopista

Jirani yangu Specioza alipoanza kushusha mawe kwenye paa lake, mtaa mzima wa Majengo tulisema amechanganyikiwa. Sisi wote mabati yetu tunayakandamiza kwa mawe na matofali, upepo usiyachukue. Yeye akapanda ngazi mwenyewe, akayatupa chini, akamwita fundi apige misumari.

"Shoga, upepo ukija utalala nje," nikamwambia.

"Heri nilale nje kuliko kupasuliwa kichwa mlangoni."

Alikuwa na sababu. Mwaka jana ardhi ilipotikisika, tulikimbia nje tukajibanza ukutani, kama tunavyofanya mvua ikitukuta. Tofali likadondoka toka paani, likamkosakosa. Hapo ndipo akakumbuka mama yake yumo ndani. Bibi Theopista nyonga inamsumbua, kutembea mpaka ashikwe. Hakuumia siku ile, ila Specioza alilia mpaka nikamwonea huruma. Tangu hapo alikuwa na wazo moja tu: ikitikisika tena na yeye hayupo, mama atajiokoaje?

Akayaondoa magunia ya mpunga yaliyorundikwa kando ya kitanda cha mama, vitu vinavyoweza kuanguka akavifunga ukutani. Akanunua meza ya mninga, nzito hiyo, walioibeba walihema kama ng'ombe wa plau. Mkeka wa mama akautandika pembeni yake, awe anapepetea mchele hapo hapo.

"Mama, ikitikisika ingia chini ya meza, kinga kichwa, shika mguu wa meza. Usingoje mtu."

"Nitambae na umri huu? Nimekuwa kuku?"

Kila jioni Specioza anambembeleza wajaribu, kila jioni bibi anageukia ukutani. Mimi nacheka mbavu sina.

Juzi mchana tulikuwa uwanjani tunaanika mpunga, ardhi ikanguruma. Mbio nikakimbilia ukutani kwangu. Specioza akanidaka kanga, akanirudisha katikati ya uwanja. "Kaa hapa!" Mawe ya paa langu yakaporomoka pu, pu, pale pale nilipokuwa naenda. Yesu na Maria!

Yeye macho yako mlangoni kwake. Akapiga hatua, akajizuia.

"Mama! Chini ya meza! Mama!"

Hata mimi machozi yalinitoka.

Kulipotulia tukaingia. Kabati la vyombo, kitu pekee alichosahau kukifunga ukutani, lilikuwa limeanguka kifudifudi juu ya mkeka wa bibi. Specioza akapiga magoti.

"Nyie, mnashangaa nini?"

Sauti ilitoka chini ya meza. Bibi Theopista kajikunja huko, ungo kichwani, mchele umemjaa shingoni, mkono umeng'ang'ania mguu wa meza.

Specioza akamkumbatia, analia na kucheka. "Mama, si ulikataa kujaribu?"

"Nilikataa mbele ya watu. Ukienda sokoni, nafunga mlango najaribu mwenyewe." Akatutazama kwa hasira, mimi kicheko kimenishinda. "Haya ingieni, huwa inarudi hii. Mama Glory, acha kucheka, vuta na hayo makalio yako."

Tukabanana humo wote watatu. Na kweli ikarudi kidogo. Specioza alishika mguu wa meza kwa mkono mmoja, mwingine akamshika mama yake, na bibi akainua ungo wake akamfunika binti yake kichwa.