K Iliyonuka Usipa

Naanza na kosa langu, mnicheke mapema tuendelee. Jumamosi iliyopita nilimmiminia jirani yangu, Mama Hawa, kikombe cha gundi nikidhani ni uji. Gundi yenyewe niliipika kwa unga wa muhogo, binti yangu Neema na wenzake wabandikie herufi zao za maboksi, zile zinazosimama zenyewe kama vijumba. Sufuria ya uji ilikuwa pembeni yake, nami nikachota kwa mazoea. Mama Hawa alimeza mafunda mawili, akasema uji wangu umekosa sukari.

Harufu ile ya muhogo uliopata moto ndiyo iliyonirudisha ziwani, Lipingo, nikiwa darasa la tatu. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na maduka ya Mbinga yaliyozoea rafu tupu sasa yalikuwa yanatupa maboksi. Mwalimu wetu, mama wa kutoka Tanga, alirudi na mzigo wa maboksi hayo juu ya lori, akatufundisha kuunda herufi: kata nyuso mbili zinazolingana, kisha ukanda wa pembeni wenye meno kama msumeno, kunja meno, paka gundi, bana mpaka vidole viume. Kila mtoto herufi moja, zisimame mbele ya darasa siku ya wazazi: KARIBU WAZAZI. Mimi nikapewa K ya mwanzo. Si kwa akili. Nyumbani kwetu kulikuwa na mkasi.

Mkasi ulikuwa wa bibi yangu, aliyenilea. Yeye alianika usipa, dagaa wa ziwa letu, na kuwauzia wachuuzi. Mimi, mtu wa kukaa ndani tangu utoto, niliona uvivu kutafuta mahali pa kukaushia, nikaiweka K yangu juu ya kichanja cha usipa. Asubuhi ya siku yenyewe niliikuta chini. Paka alikuwa ameichana mguu na kulamba gundi.

Nililia. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ametua kapu la usipa wabichi.

“Mume gani huyu niliyepewa,” akasema, “analilia boksi? Lete. Hii inasemaje?”

“Ni K, Bibi. Peke yake haisemi kitu. Inangoja wenzake.”

“Basi tusiwacheleweshe.”

Akatoa sindano ya kushonea nyavu, akakaa kivulini. Nilishika, akashona, mshono kwa mshono, kingo zote, hata zile ambazo paka hakuzigusa. Jua lilipanda. Kapu lilikaa pale pale, limefunikwa gunia bichi.

Mchana, unyevu wa ziwa ulilegeza gundi za wenzangu. A ilimwegemea jirani yake kama mlevi, W ikafumbua mdomo. K yangu ilisimama wima, ikinuka samaki darasa zima. Wakanibatiza jina la Usipa, nikalibeba mpaka darasa la saba. Kwa aibu sikumwambia mtu nani aliishona. Bibi alifika amechelewa, akasimama nyuma kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Ile ya mwanzo ndiyo yetu?”

Wiki ile tulikula majani ya maboga mfululizo, nami nikanung'unika sana. Bibi alicheka tu, akasema mume wake ana tumbo la mzungu.

Nilikuja kuelewa baada ya kuoa binti wa ziwani, aliyeniambia kwamba usipa wasipotandazwa juani asubuhi, kufika jioni wamelegea, na mchuuzi hawagusi. Lori la wachuuzi lilipita siku ile, likaacha kapu letu. Bibi yangu, asiyejua hata herufi moja, alitoa mvuo wa siku nzima ili ya kwangu isimame. Na sikuwahi kumwambia asante. Nilimwambia nimechoka majani.

Nilimsimulia Mama Hawa yote haya, nikitumaini atasahau kile kikombe. Akapangusa midomo kwa khanga, akanitazama.

“Baba Neema, bibi yako aliacha samaki waoze ili wewe usome, na mpaka leo hujui gundi na uji.”