Siku Tatu bila Damu ya Yesu

Mama yangu hatoki nyumbani kabla hajafunika kila kitu kwa damu ya Yesu katika maombi: mlango, sufuria, simu, beseni la samaki wa ziwa Tshangalele anaowauza sokoni hapa Likasi. Ni mkuu wa waombezi katika kanisa lao la uamsho, na kwa ubishi angeweza kupasua mawe ya machimbo ya Kakontwe. Nampenda, lakini ananichosha.

Nilipojifungua binti yangu, masera alikuja kumwombea. Ni mtawa mzee kutoka Malta, ndiye aliyenifundisha kushona. Aliomba kwa lugha ya kwao, na mama akasikia neno moja tu: Alla.

"Ule masera hatashika mutoto wetu," aliniambia baadaye. "Anaombaka Mungu ya ba-Islam."

Nililia kwa hasira. Jumapili tungemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, na nilitaka sana masera ambariki.

Nilipomweleza, masera alicheka mpaka miwani ikamteleza. Wakatoliki wa Malta, alisema, wanamwita Mungu hivyo tangu mababu. Akaniandikia maneno mengine ya sala zao. Dhambi ni dnub, msalaba ni salib, kubariki ni bierek, roho ni ruħ. Yote, kwao na katika Kiswahili chetu, yametoka kwa Waarabu. Hata Kwaresima wanaiita Randan, kama Ramadhani, ila hilo nililiruka nilipomsomea mama.

Mwingine angesalimu amri. Mama alitangaza mfungo: maneno hayo ya Waarabu yasitamkwe nyumbani, hata kwa Kiswahili, mpaka Jumapili ipite.

"Na damu?" nikauliza. Lilikuwa la mwisho kwenye karatasi: demm.

Alikaa chini.

Kwa siku tatu aligusa mlango, akafungua kinywa, akakifunga. Samaki walikwenda sokoni bila kufunikwa. Nilicheka jikoni, Mungu anisamehe.

Jumapili majirani walijaa uani. Masera alikaa nyuma kabisa, karibu na lango. Mama alimwinua mtoto ili ambariki, akakwama. Baraka hana, roho hana, damu hana. Mimi kicheko kikaniisha. Niliogopa kwamba binti yangu angetoka nje bila kuombewa hata neno moja.

Mama alipita katikati ya watu hadi langoni, akamweka mtoto mapajani mwa masera.

"Masera, anza weye," akasema. "Minye nitabafunika bote mbili na damu ya Yesu."