Hélène Akataa Kutoa Injini

Hélène alizaliwa Yanonge, binti wa Nicolas, fundi wa mota za pirogi, mitumbwi ya mtoni. Kabla hajajua kusoma sawasawa alikwisha kujua kutofautisha mota inayokohoa kwa maji na ile inayokohoa kwa uchafu wa mafuta. Baba yake alipofariki, ndugu wa ukoo waligawana vyombo vya kazi, spana kwa huyu, nyundo kwa yule. Yeye hakupewa hata bisibisi. Akakunja nguo zake, akapanda mto hadi Kisangani, akaanza kutengeneza magari ya watu huko Mangobo chini ya mabati manne. Miaka kumi na minane imepita, na mabati sasa ni ishirini.

Siku moja ya mvua pikapu ya papa Nassoro ilifika gerejini ikisukumwa na watu sita. Nassoro ni mtu wa familia za zamani za Waislamu wa mjini, hubeba mchele na karanga kutoka Banalia. Alikuja na Franck, mtoto wa dada yake, fundi wa gereji moja kubwa ya katikati ya mji. Injini ilikuwa ikizunguka ukipiga ufunguo, lakini haiwaki. Franck alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba injini imechoka, haina tena nguvu ya kubana hewa.

“Compression imekwisha,” alisema. “Moteur itoke yote. Kwetu nafasi hakuna, njo tulileta huku. Mama Hélène, weye utoe tu. Kufungua nitafungua miye.”

Hélène alielewa vizuri alichoitiwa: kubeba mzigo, si kutibu. Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

“Piga kwanza, nisikie.”

Nassoro akapiga ufunguo. Injini ikazunguka kwa kasi, kwa mdundo ulio sawa, bila kuruka hata pigo moja. Hélène hakuitazama, alikwenda nyuma akachuchumaa penye bomba la moshi. Hapakutoka kitu, wala harufu ya mazutu, dizeli ya gari.

“Papa Nassoro, sitaitoa hii moteur.”

“Kwa nini?”

“Siwezi fungua moteur yenye haigonjwe. Inasukuma muzuri, unasikia mwenyewe. Kama mazutu ingekuwa inafika, hata moshi kidogo ingetoka. Moshi hakuna. Donc mazutu haifiki.”

Franck akacheka kidogo. “Tonton, tuko tunapoteza wakati. Kama hautaki, mama, tutasukuma gari kwa mwingine.”

“Musukume,” alisema Hélène. “Njia iko wazi.”

Watu sita wale wakatazama matope, wakatazama miguu yao. Hakuna aliyesogea. Nassoro akavua kofia yake, akaikung’uta maji, akaketi juu ya tairi kuukuu. “Bon. Onyesha.”

Hélène akaanza na chujio la mafuta. Lilikuwa limejaa mafuta safi. Akalegeza nati ya mrija unaopeleka mazutu kwenye injini, akaomba ufunguo upigwe tena. Mrija ukabaki mkavu kama mfupa. Basi mafuta yalikuwa yakiingia kwenye pampu na hayatoki. Akaweka kidole juu ya pampu, kwenye kile kifaa kidogo cha umeme kinachofungua njia ya mafuta.

“Weka contact tu, usizungushe.”

Nassoro akageuza ufunguo bila kuzungusha injini; kifaa hakikugutuka. Akachukua kipande cha waya, akagusisha batri na kifaa kile. *Ta*, kikalia. Wote walisikia.

“Iko muzima,” alisema. “Umeme njo haifiki.”

Akaufuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hadi chini ya dashibodi. Pale panya walikuwa wameutafuna, na maganda ya karanga yalikuwa yamelala pembeni yake. Akauunganisha kwa kipande kipya, akaufunga, akaondoa hewa kwenye mirija, akakaza nati. Nassoro alipopiga ufunguo, gari likakohoa mara mbili, likatoa moshi mweupe, likawaka.

“Bahati,” alisema Franck.

Hélène akamwomba Nassoro azime. Akauchomoa waya kwenye pampu. “Piga.” Injini ikazunguka, gari likagoma. Akaurudisha. “Piga.” Likawaka mara moja. Akarudia tena, polepole, macho yake kwa Franck, mpaka Franck akageukia barabara.

Nassoro akamsogelea, sauti chini. “Mama, nimeona. Lakini huyu ni mutoto wa dada yangu, na patron wake kule gerejini atasikia. Usiseme mambo hii mu cité.”

“Sitatangaza, papa,” alijibu Hélène. “Mwenye ataniuliza, nitamwambia vile ilikuwa. Kudanganya juu ya kazi yangu, hapana.”

Nassoro akavaa kofia yake, akapanda gari. Kesho yake pikapu ilikwenda Banalia na kurudi na mchele. Watu mitaani waliuliza, kwa kuwa sita waliosukuma gari ni vinywa sita, na Hélène alijibu kila aliyeuliza, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza.

Franck hajamsalimu hadi leo. Hélène humsalimu kila wanapopishana, kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika ng’ambo ya barabara.